Mgeni Hashiki Kifuniko

Nina miaka arobaini na saba, nimezaa watatu, mkubwa wangu ana ndevu, na bado hapa kijijini naitwa bi arusi. Nilikuja kuolewa kutoka Korça, kusini kabisa, na huku kaskazini, milimani Dukagjin, mwanamke aliyetoka mbali haachi kuwa bi arusi mpaka mwanawe alete mwingine wa kumpokea cheo. Wangu hana haraka. Nimezoea, na faida yake moja naijua: bi arusi hahesabiwi kuwa wa upande wowote, kwa hiyo anaweza kupita katikati ya watu waliogombana bila kupigwa.

Waliogombana ni mama mkwe wangu, Mrika, na Dila, ambaye mimi na mume wangu tunamwita Mama Mdogo. Waliolewa mwaka mmoja na ndugu wawili, wakajengewa nyumba mbili zinazotazamana, na leo wote ni wajane. Kati ya nyumba hizo kuna uzio wa fito wenye pengo la kupita mtu mmoja. Kwa miaka arobaini pengo lile lilipitisha chumvi, hamira, watoto na umbeya. Kisha kwa miaka sita halikupitisha kitu ila kuku.

Kisa ni fli. Ukitaka ukweli wangu mimi mtu wa kusini, fli ni ukaidi wa watu wa milimani uliopakwa siagi. Unamwaga rojo la unga kwenye sinia kubwa, mistari mistari kama miale ya jua, unafunika kwa kifuniko cha chuma kilichotoka motoni kina makaa juu yake. Rojo likipata rangi unafunua, unapaka malai, unamwaga mistari mingine kwenye nafasi zilizobaki, unafunika tena. Hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, saa nne, watu wameketi kuuzunguka moto wakimeza mate. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na fli ndiyo iliyofundisha methali hiyo. Kwetu Korça ndani ya saa nne ungekuwa umekwisha kuoka mkate wa mboga, umeula, umelala na umeamka.

Sasa, siku binti wa Mrika alipoolewa, Mrika aliwapikia wakwe fli. Dila akamega, akatafuna, akasema mbele ya ukoo mzima wa bwana arusi: "Tabaka ni nyingi, mashallah, ila katikati humu kuna unga wa kesho." Watu wakaelewa kwamba haijaiva, wakacheka. Mrika akangoja wakwe waondoke, kisha akaapa kwa mkate na chumvi kwamba maadamu yu hai hatamwita Dila tena nyumbani kwake. Dila naye alikuwa hajamaliza kuosha vyombo. Akavua aproni, akaitupa, akaapa kwamba hatakanyaga ua ule tena kama mtu wa nyumba ile. Huku kwetu kiapo si mate ya kutema ukapita. Wakakishika, wote wawili, kwa uaminifu wa kijinga.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mwanawe Dila aliyeko Italia akasema basi, mama, umezeeka peke yako, njoo tukae wote. Gari likapangwa kuja Jumamosi. Kijiji kizima kilikwenda kumuaga Dila. Mama mkwe wangu hakwenda. Ila nilimwona, kila jioni, akisimama dirishani na taa imezimwa, akitazama masanduku yanavyofungwa ng'ambo ya uzio.

"Mama," nilimwambia, "ana miaka sabini na nne. Wewe una sabini na sita. Akienda hivi hivi hamtaonana tena."

"Kwani nimemzuia kuja?"

"Hujamwita."

"Nimeapa, bi arusi. Unataka niape upya kila ninapojisikia?"

Nilijua analia, kwa sababu alinigeuzia mgongo na kuanza kukung'uta mto ambao haukuwa na vumbi.

Jumatano jioni wakafika wageni, maana nyumba yetu hulaza watalii: Wacheki wanne, wameshuka mlima na mabegi makubwa kuliko wao. Mmoja wao, msichana aitwaye Jitka, alikuwa amejifunza lugha yetu kwenye simu, akiisema kama anayetafuna changarawe. Akasema huko mabondeni wamekula byrek, ile mikate ya kujazwa jibini, kila stendi mpaka wamechoka, sasa wanataka chakula chenyewe cha wenyeji. Wamesikia kuna kitu kinaitwa fli.

Kabla sijafungua mdomo, Mrika akajibu, "Kesho. Neno langu."

Nikamvuta jikoni. "Mama! Bega lako?"

Bega lake la kulia lilikuwa halijapona tangu Aprili, alipoanguka akimfukuza bata mzinga. Hata kikombe alikinyanyua kwa mkono wa kushoto. Na kile kifuniko cha chuma, pamoja na makaa yake, ni uzito wa mwanakondoo aliyenona.

"Nimeshatoa neno," akasema.

"Basi nitashika mimi kifuniko."

Akanitazama kwa huruma. Katika miaka ishirini na mitano nimejaribu fli mara tatu. Ya kwanza niliiunguza, ya pili nilimwaga majivu ndani, ya tatu alininyang'anya ndoano ya kunyanyulia kifuniko akaniambia nikakate nyanya. Na usinitajie mume wangu, Pashk. Mwanamume wa Dukagjin anapasua kuni, anakoka moto, halafu anasimama mbali kidogo na kuukosoa. Kifuniko cha fli hakishiki. Mwambie avae sketi, atakusikiliza zaidi.

Katika kijiji hiki kuna mikono miwili tu inayokiweza kile kifuniko, mbali na ya Mrika, na mikono hiyo ilikuwa ng'ambo ya uzio ikifunga masanduku. Alhamisi alfajiri nikapita kwenye pengo.

"Amesema niende?" Dila aliuliza hata kabla sijaketi.

"Hajasema."

"Basi."

"Mama Mdogo, uliapa nini hasa? Niambie neno kwa neno."

"Kwamba sitakanyaga ule ua kama mtu wa nyumba ile."

"Kama mtu wa nyumba. Na kama mgeni je?"

Akaacha kukunja shuka. Nikaona kijitabasamu kimeanza upande mmoja wa mdomo, akakiuma. "Bi arusi," akasema, "nyie watu wa kusini ndiyo maana hamkuwahi kuwa na vita. Mna maneno mengi mno."

Nikarudi kifua mbele. Nilijiona wakili. Jambo moja tu sikulifikiria, na ndilo lililokuja kunitoa jasho.

Saa tatu moto ulikuwa umewaka uani. Mrika amechanganya rojo, amepanga malai, amejifunga kitambaa. Wacheki wameketi. Tukasikia sauti barabarani, nje ya lango, sauti ya mtu aliyetoka mbali: "Ee mwenye nyumba! Unapokea wageni?"

Dila alikuwa amezunguka kwa barabara. Hatua kumi za pengo la uzio aliziacha, akatembea robo saa kushuka mpaka kwa mzee mmoja mwenye kinu cha kusaga na kupanda tena, ili aje kwa lango kama wajavyo wageni. Amevaa gauni lake jeusi la kanisani, mkononi ana mfuko wenye sukari kilo moja na pakiti ya kahawa.

Mrika aliganda na upawa mkononi. Mimi nilikuwa nimeinamia nyanya. Lakini hakuna mtu aliyezaliwa milima hii anayeweza kulisikia swali lile asilijibu. Hata adui yako akibisha na kuuliza, unajibu. Mrika akafuta mikono, akaenda langoni, akasema, na sauti yake ilikwaruza kidogo: "Karibu. Mkate, chumvi na moyo wetu."

Kisha wakaanza salamu, kwa sababu mgeni lazima asalimiwe mpaka mwisho.

"Umechoka na safari?"

"Kidogo tu. Njia nzuri."

"Watu wako wazima?"

"Wazima. Na wako?"

"Wazima. Mifugo?"

"Hajambo yule mmoja." Yule mmoja ni mbuzi ambaye Mrika humsikia akilia kila asubuhi chini ya dirisha lake. "Na huku kwenu, mvua imenyesha?"

"Imenyesha," Mrika akasema. "Sijui kwenu."

Pashk akajikohoza na kukimbilia kuni.

Dila akapewa kigoda cha heshima, upande usiofika moshi. Akapewa raki, ile pombe yetu kali, na jibini, na mto wa kuegemea. Nikamnong'oneza, "Haya, Mama Mdogo, shika ndoano." Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

"Mimi? Mimi mgeni."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kuna watu duniani wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao hawajawahi kufika Dukagjin. Huku mgeni hata akikaa mwaka hagusi jembe, hagusi sahani, hagusi ukuni, na akigusa amemvua nguo mwenyeji mbele ya watu. Nilikuwa nimemwingiza Dila uani, halafu kwa mikono yangu mwenyewe nimemfunga kamba.

Mrika akaanza. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa anakinyanyua kifuniko kwa mikono yote miwili, meno ameyauma, jasho linamtoka kwenye nyusi. Jitka akaona, akaruka, "Mimi saidia!" Mrika akamshika kiwiko, akamrudisha pole pole kwenye kiti, akamjazia glasi. Msichana akanigeukia mimi.

"Kwa nini bibi huyu hasaidii?"

"Yeye mgeni."

"Anatoka wapi?"

Nikamwonyesha nyumba iliyo ng'ambo ya uzio. Jitka akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akanywa raki yake yote.

Dila alikuwa ameikalia mikono yake. Sisemi kwa mfano. Alikuwa ameiweka chini ya mapaja na kuikalia. Mgeni haruhusiwi kukosoa pia, kwa hiyo alitafuta njia.

"Bi arusi, mwambie mwenye nyumba fli yake inapendeza. Kwetu huwa tunangoja kifuniko kipate moto kwanza, lakini kila nchi na desturi yake."

"Bi arusi," Mrika akasema bila kugeuka, "mwambie mgeni ale jibini. Mdomo wenye jibini unapumzika."

"Mwambie nashukuru, jibini tamu. Na mwambie upande wa kushoto unaungua. Nausifia tu, una rangi nzuri sana."

"Mwambie naona. Nina macho."

"Mwambie Mungu amjalie aendelee kuwa nayo."

Kati yao palikuwa na mita moja na nusu. Mimi nilikuwa mezani nakata pilipili, wala hawakuningoja niseme chochote. Tabaka la saba likapita, la nane. Uso wa Mrika ulikuwa umekuwa wa kijivu, na kila alipofunua kifuniko alisimama kidogo kabla ya kukitua. Nikaanza kuogopa kweli. Nikasema, "Mama, inatosha, tabaka nane zinatosha, wageni hawajui." Akanipuuza. Neno lake lilikuwa fli, na fli ya tabaka nane ni chapati yenye makuu.

Kwenye la kumi, bega likakataa. Kifuniko kilikuwa kimeshafika hewani, juu ya sinia, makaa yamejaa, na mkono wake wa kulia ukasimama pale pale, hauendi mbele wala nyuma. Kikaanza kuinama. Kaa la kwanza likaviringika mpaka ukingoni. Pashk alikuwa na gogo mikononi. Mimi nilikuwa mbali. Jitka akainuka, na Mrika, katika hali ile ile, akamfokea, "Keti, mwanangu, wewe mgeni!"

Dila alikuwa ameinuka nusu. Mikono yake ilikuwa imetoka chini ya mapaja na kunyooka mbele kama ya kipofu. Lakini hakusogea. Hakuwa ameitwa. Nilitaka kulia kwa hasira. Wanawake wawili watu wazima, mmoja anaelekea kuungua, mwingine anangoja adabu.

"Dila!" Mrika akapiga kelele. "Dila, njoo! Unataka nikuandikie barua?"

Sijawahi kumwona mwanamke wa miaka sabini na nne akienda hivyo. Kigoda kilianguka huku, raki huku, kitambaa chake cha kichwani kikaishia shingoni kwa Mcheki mmoja. Alishika ndoano chini ya mkono wa Mrika, akachukua uzito wote, akakigeuza kifuniko pembeni, na lile kaa likadondoka nyasini. Kisha akapiga kelele kwa sauti aliyoifungia miaka sita.

"Mwendawazimu wewe! Na bega hilo! Ulikuwa unataka kufa mbele ya Wacheki?"

"Paka malai, inakauka!"

"Napaka! Na hili rojo zito kiasi hiki nani alikufundisha?"

"Wewe! Wewe ndiye ulinifundisha, mwaka wa sabini na moja, ukasema uzito wa cherehani!"

"Mafuta ya cherehani nilisema, mbumbumbu! Bi arusi, lete maji!"

Nikaleta maji. Nilikuwa nacheka na makamasi yananitoka. Kuanzia hapo Mrika aliketi kwenye kigoda, akimwaga mistari kwa mkono wa kushoto, na Dila akawa mtu wa kifuniko, akikitoa motoni, akikitua juu ya sinia, gauni la kanisani limejaa majivu. Hawakunyamaza hata pumzi moja. Walizungumza vifo vyote vya miaka sita na kila mtu alizikwa na nani. Walimsema padri mpya. Walimsema mwanawe Dila na mke wake Mwitaliano anayechemsha kila kitu. Tabaka la kumi na tano, la ishirini. Wacheki walikuwa na njaa kiasi cha kunyamaza kabisa, na ile njaa ilikuwa nzuri, maana fli inataka mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Alasiri fli ikaiva. Pashk akaikata. Kulikuwa na asali, maziwa mgando, jibini, pilipili za kuchoma na nyanya zangu. Jitka alichomoa kipande, akakibandua tabaka moja moja kama anayefungua barua, kisha akaacha kubandua akaanza kula kwa mikono miwili. Wacheki hawakukumbuka hata kupiga picha. Nami, niseme kweli, nilikula vipande vitano, na kama kuna mtu wa Korça anasikia, nakanusha.

Dila hakuchukua pembeni, kwenye kahawia panapopendwa na kila mtu. Alinyoosha mkono akamega katikati kabisa ya sinia. Mrika akaacha kutafuna. Sote tukaacha.

Dila akatafuna. Akameza. Akajifuta.

"Imeiva," akasema.

Mrika akashusha pumzi, kisha, taratibu, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji ya mto: "Na ile ya harusi?"

"Ile ilikuwa mbichi, Mrika."

Nilidhani tumerudi tulikotoka. Lakini mama mkwe wangu aliinamisha kichwa, akaanza kutikisika mabega, hata lile bovu, na nilipomsogelea nikaona anacheka.

"Ninajua," akasema. "Niliifunua mapema. Binti yangu alikuwa jikoni analia hataki kuondoka, nikakimbilia kwake nikaiacha. Nilijua ni mbichi, Dila. Ungenikonyeza tu."

Dila hakucheka. Akaweka kipande chini. "Ningekukonyeza," akasema. "Mungu anisamehe. Ningekukonyeza tu."

Jumamosi gari likaja saa kumi na mbili asubuhi. Kijiji kilikuwa kimekusanyika barabarani, watu wanabusiana, masanduku yanapandishwa. Huku anayeondoka husindikizwa. Mwenyeji hutembea naye mpaka daraja la mwisho, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyokwenda mbali. Nikatazama huku na huku. Mrika hayupo.

Nilirudi nyumbani mbio, nimejaa maneno ya kumwambia. Nikamkuta jikoni, ameketi kwenye benchi, amevaa viatu vya kutokea, mikono mapajani.

"Mama! Gari linaondoka!"

"Liondoke."

"Yaani baada ya yote yale? Huendi kumsindikiza?"

Akanigeukia, uso umemvimba. "Nimsindikize kwani ni nani? Anayesindikizwa ni mgeni, bi arusi. Mtu wa nyumbani anatoka tu, halafu anarudi. Nenda ukamwambie hivyo hivyo."

Nikaenda. Dila alikuwa ameshaketi karibu na dirisha, mkoba magotini, akitazama njia ya kwetu. Nikapanda ngazi ya gari nikamwambia neno kwa neno. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Dila akachukua ncha ya kitambaa chake akajifuta macho, kwanza hili, kisha lile, bila kujificha.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na umwambie asithubutu kufa kabla sijarudi. Akithubutu sitakuja mazishini."

Nilimletea Mrika maneno hayo akiwa bado pale pale kwenye benchi. "Ona alivyo," akasema, "hata kufa ananipangia yeye." Kisha akalia kwa sauti, na mimi nikavua viatu vyangu nikaketi pembeni yake, na sikumwambia anyamaze.